Nahodha Wangu Kaogea Sabuni ya Kunukia

Nilijua mambo yameharibika nilipomwona nahodha wangu anapanda kutoka ziwani saa nne asubuhi, kaogea sabuni ya kunukia. Si ile ya mche. Ya kunukia, inayouzwa na karatasi yake. Hapa Igombe, Mwanza, sisi watu wa dagaa tunasomana kwa pua: mvuvi akinuka samaki, bado ni wako. Akianza kunukia maua katikati ya mbalamwezi, ujue kambi nyingine imeshamwita na soda ameshakunywa.

Kwa msioishi ziwani, dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Tunawasha taa, wanaifuata kama vijana wanavyofuata muziki wa harusi wasiyoalikwa, tunawazungushia nyavu. Mwezi ukipevuka ziwa zima linapata taa ya bure. Nani atahangaika na ya kwangu? Basi karibu wiki nzima, pengine siku kumi, mitumbwi inalala mchangani, nyavu zinashonwa, na wavuvi wanazurura mwaloni, yaani ufukweni tunaposhushia samaki, mikono mfukoni. Kwenye mpira, Ulaya wana dirisha kubwa la usajili wa wachezaji na dirisha dogo la Januari. Sisi dirisha linafunguliwa kila mwezi, na anayelifungua ni Mungu mwenyewe. Rufaa utaipeleka kwa nani?

Mimi wananiita tajiri. Mwaloni ukiwa na mtumbwi wewe ni tajiri, hata kama kandambili zako zimefungwa waya. Nina mtumbwi mmoja, mashine moja yenye kikohozi, na kikosi ambacho kikitimia ni watu wanne: nahodha, wa mashine, wa taa, na wa kuchota maji yanayoingia mtumbwini. Mafuta na chakula vinatoka kwanza, kinachobaki nusu yangu, nusu yao. Mkataba wetu ni wa mdomo. Na mdomo, nimekuja kugundua, una miguu.

Kabla hawajagusa nyavu wanataka kianzio. Nahodha huyu nilimpa laki moja na nusu, akasema anadaiwa kodi ya chumba. Kesho yake nikamwona na simu mpya anaangalia mpira. Nikanyamaza, maana na mimi nilisogea kuchungulia matokeo.

Sasa jioni ya siku ile ya sabuni akaja na elfu ishirini. Kaikunja vizuri, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Tajiri, navunja mkataba."

Nikamwuliza hesabu hii ya shule gani, laki na nusu inavunjwa kwa elfu ishirini?

"Si Fei Toto alifanya hivihivi?"

Hapo ndipo aliponikosea. Niguse kwenye deni, niguse kwenye mtumbwi wangu unaovuja, lakini usiniguse kwenye mikataba ya wachezaji. Mimi kwenye banda umiza, kibanda cha kuangalizia mpira, nimelikalia benchi mpaka limeshika umbo langu. Nikamkalisha chini. Nikamwambia, kijana, Feisal Salum, huyo Fei Toto wako, Desemba 2022 aliwawekea Yanga shilingi milioni 112, yaani milioni 100 za kuvunja mkataba na 12 za mishahara ya miezi mitatu. Hakuja na noti mbili juu ya ndoo. Na pamoja na kuweka zote hizo, kamati ya TFF, shirikisho letu la soka, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa miezi nje ya uwanja, habari kwamba Yanga alikuwa anakula ugali kwa sukari zikazunguka nchi nzima, mpaka Rais Samia akalitaja suala lake pale Ikulu, ndipo Juni 2023 likaisha akaenda Azam. Wewe elfu ishirini yako itafika wapi? Haifiki hata Airport.

Akanisikiliza kwa adabu kabisa. Kisha akasema, "Na mimi hapo kwenye ugali ndipo nilitaka tupazungumze."

Hoja yake ilikuwa hivi: mwenzake walau alitaja sukari. Sisi kambini ni ugali kwa dagaa mchana, ugali kwa dagaa jioni, na dagaa wenyewe ni walewale aliowavua yeye. Kwa sheria zake, mtu anayekulisha jasho lako mwenyewe hajakulisha, amekurudishia.

Wenzake wawili waliokuwa wanajifanya wanashona nyavu wakaitikia "Eeee!" kama wako kanisani.

Ikulu mimi nitafika lini? Nikampeleka kwa mzee mmoja wa mwaloni ambaye ndiye kamati yetu, ndiye TFF yetu, ndiye mahakama. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka baba", nikaeleza kesi yangu vizuri, kwa uchungu, na mifano ya Ulaya. Mzee akaniuliza swali moja tu: mgao wa mwisho umewapa lini?

Nikaanza kueleza habari za mvua. Dagaa hawakukauka, waligeuka rangi, pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba mnunuzi akawatazama kama anatazama msiba, akanipa bei ya chakula cha kuku. Kwa hiyo mgao, kimsingi, ulikuwa njiani.

Nahodha akadakia, "Mzee, FIFA wanasema mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili, anaiandikia klabu, anaipa siku 15 ilipe, isipolipa anaondoka zake na sababu ya haki anayo."

Mzee akageuka kunitazama. "Ni kweli?"

Ni kweli. Na aliyemfundisha ni mimi. Usiku mmoja tunasubiri dagaa waje kwenye taa, ziwa limetulia, nikajifanya profesa, nikamwaga kanuni zote: kwamba mkataba wa mchezaji mwisho miaka mitano isipokuwa sheria ya nchi iruhusu zaidi, wa chini ya miaka 18 mwisho mitatu, kwamba ikibaki miezi sita anaweza kuongea na klabu nyingine hadharani. Nilidhani nawapumbaza wasisinzie. Kumbe nanoa kisu cha kunichinjia.

Basi akaenda zake. Kambi ya pili, hatua mia moja kutoka kwangu, nikikohoa anasikia. Kuna Mbelgiji anaitwa Jean-Marc Bosman, mkataba wake na RFC Liège uliisha 1990, klabu ikagoma kumwachia bila pesa nyingi, akashitaki, hukumu ikatoka Desemba 1995, na tangu hapo mkataba ukiisha mchezaji anaondoka bila ada. Ninamheshimu sana yule bwana. Alisubiri miaka mitano mahakamani. Wangu hakusubiri hata chai ipoe.

Jirani aliyemchukua naye ana maringo. Anatamba mwaloni kwamba amempa mkataba mrefu. Nikamwambia mikataba mirefu waulize Chelsea. Januari 2023 walimchukua Mudryk na Enzo Fernández, kila mmoja mkataba wa miaka minane na nusu. Ujanja wenyewe ni kwamba bei ya mchezaji inagawanywa kwa miaka ya mkataba, kwa hiyo kwenye daftari la mwaka mmoja inaonekana kidogo. UEFA wakaushtukia mwaka uleule, wakasema kugawanya mwisho miaka mitano. Mimi ujanja huo nilikuwa naujua kutoka nyumbani. Mama watoto alinunua kabati la laki sita, nilipofoka akaniambia tulia baba, hili tutakaa nalo miaka 12, kwa hiyo mwaka huu umetoa elfu hamsini tu. Nikatulia. Laki sita nzima zilikuwa zimeshatoka, lakini nikatulia. Na sasa ndiyo nakumbuka mlango wake mmoja umeshang'oka.

Lakini kosa langu kubwa si nahodha huyu. Hili nalisema taratibu maana majirani wanasoma. Kosa nilifanya mwaka jana, na ni kosa lilelile ninalowatukania viongozi wa klabu kila msimu.

Niliona wenzangu wanapata, nikapata kiwewe. Nikasikia Ukerewe kuna nahodha hatari, anasoma ziwa kama gazeti, akinusa upepo anakuambia dagaa wako upande gani. Nikamfuata. Akataja kianzio, nikakaa chini. Nikakopa. Nikampiga picha ameshika kasia, nikaiweka kwenye status na maneno ya mbwembwe, watu wakanipongeza kama nimezaa. Ila hesabu ikagoma, ilibidi mtu apunguzwe. Nikatazama kikosi changu. Nahodha nyota, yupo. Wa mashine, bila yeye hatutoki. Wa taa, bila yeye hakuna dagaa. Nikamwona yule wa kuchota maji. Mtu kutwa ana ndoo, anainama anainuka, hajawahi kushangiliwa na mtu. Nikampa "Thank You" yake, na soda, akaenda.

Siku ya kwanza nyota wangu akasoma ziwa, kweli akaliona kundi, taa zikawashwa, dagaa wakaja mpaka maji yakachemka. Wakavuta nyavu. Na wakati wote wanavuta, maji yanaingia. Mtumbwi wangu unavuja pale karibu na mkia, unavuja tangu marehemu baba. Nahodha akamwambia wa mashine chota. Wa mashine akasema mimi wa mashine. Wa taa akasema mimi wa taa. Wakamtazama nahodha, nahodha akasema yeye hakusajiliwa kwa ndoo. Alfajiri walifika ufukweni mtumbwi umejaa dagaa wanaogelea. Wazima kabisa! Nusu wakavuka ukingo wakarudi zao nyumbani, na mashine ikanywa maji, na kikohozi chake ndipo kilipoanzia.

Kwa hiyo nikiona klabu ina mawinga wanne na bado inapokea winga wa tano uwanja wa ndege kwa matarumbeta, huku beki wa kushoto ni yuleyule mmoja, tena anachechemea, mimi nasikia maji miguuni. Washabiki tunapiga kelele tuletewe jina. Jina linapokelewa. Nani aliwahi kupokelewa na matarumbeta kwa sababu anachota maji?

Na sisi wa Mwanza tulipaswa kujua kuliko wote. Mwaka 2017 Mbao FC yetu ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Dodoma, ikafungwa na Simba 2-1, tukarudi vifua mbele. Mwaka 2020 ikashuka daraja. Alliance nayo ikashuka mwaka huohuo. Toto Africans ilishashuka zamani. Timu ya hapa ikipata kijana mzuri, tunamshangilia uwanja wa Kirumba msimu mmoja, kisha anaogea sabuni ya kunukia anapanda basi la Dar es Salaam. Pamba waliporudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25, baada ya zaidi ya miaka 20 nje, nilikwenda uwanjani na kitambaa cha kulilia, nikalilia, nikakipoteza. Sitaki kusikia habari za kugombania nyota. Mimi nikikutana na kiongozi wa hao Pamba, TP Lindanda wetu, nina neno moja tu la kumwambia: ziba pale karibu na mkia.

Turudi kwenye mwezi. Siku zikasogea, mwezi ukaanza kuchelewa kuchomoza, mwaloni watu wakaanza kujaza petroli. Dirisha linafungwa na mimi sina nahodha wala sina wa ndoo. Shemeji yangu akajitolea. Shemeji ni fundi cherehani, ziwa analijua kwa kulitazama kutoka kwenye daladala. Nikamwambia asante, abaki akiba.

Usiku huo mama watoto akanikuta nyuma ya nyumba na beseni.

"Unaoga saa hizi?"

Nikamwambia joto.

"Na hiyo sabuni ya mtoto umechukua ya nini?"

Nikamwambia ile ya mche inawasha. Akanitazama kama yule mnunuzi wa Kirumba alivyotazama dagaa wangu, akaingia ndani.

Nikapita njia ya vichakani mpaka nyuma ya kambi ya pili. Nahodha wangu wa zamani nilimsikia anacheka ndani, sikumtaka. Niliyemtaka ni yule aliyekaa peke yake nje, anafua ndoo yake. Ndiye huyohuyo niliyempa "Thank You" mwaka jana, jirani alimwokota siku ileile na tangu hapo mtumbwi wake unarudi mkavu. Nikampa soda. Akaipokea, hakuifungua.

"Tajiri, umenukia."

Nikamwambia tuache hayo. Nikamwuliza anataka nini.

Akasema kianzio chote mkononi, si nusu. Mgao kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe. Na siku mbili kwa wiki mboga isiwe dagaa. Nikakubali. Akataka na mkataba wa maandishi. Nikamwambia wino ninao.

"Wa muda gani?"

"Mwezi," nikasema.

Akatazama juu, mwezi ulikuwa haujatoka bado. "Upi, wa kalenda au ule?"

Kabla sijajibu nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Jirani. Naye ana soda mkononi, na harufu yake ya sabuni ilifika kabla yake. Alikuwa anaelekea kwangu, kumtafuta wa mashine.