Huku darubini, nyumbani ng'ombe

Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo huku Uingereza anaweza kumaliza miaka 5 bila kumgusa ng'ombe mwenye ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Yule kupe wa kahawia wa masikioni anayeieneza hayupo huku, hivyo ugonjwa wanausoma kwenye picha. Kijana wa Mpwapwa, mkoani Dodoma, anaukuta bomani kabla hajanywa chai: tezi ya chini ya sikio imevimba, joto nyuzi 41, pumzi ya shida, povu puani.

Kwa hiyo msituonee wivu sana sisi tunaosoma huku. Cha kuonea wivu ni kimoja: huku antibayotiki haiuzwi bila cheti cha daktari. Kwetu, mfugaji wa Kongwa au Chamwino akifika dukani na kusema "ndigana", anapewa OTC (antibayotiki ya oksitetrasaiklini). Ndigana ipi? Kwa ndigana baridi, ile ya ufizi uliopauka au wa manjano na kinyesi kikavu, OTC ni sawa kabisa. Ndigana kali ikishaonesha dalili, haiponi kwa OTC. (OTC huchomwa siku ya chanjo ya ndigana kali ili kuvidhibiti vimelea vya chanjo yenyewe, nadhani mkanganyiko ulianzia hapo.) Dawa yake ni buparvakwoni, miligramu 2.5 kwa kilo, msuli wa shingo. Kwa chupa ya miligramu 50 kwa mililita, ng'ombe wa kilo 200 anachomwa mililita 10. Bei inauma, watu wanachoma mililita 5, mnyama anakufa, halafu tunaambiwa dawa ni feki.

Kuzitofautisha ndigana hizi mbili hakuhitaji maabara ya mamilioni. Nyoa juu ya tezi, pangusa spiriti, ibane kwa vidole isiteleze. Choma sindano kavu ya geji 18, izungushe, ichomoe, ipachike kwenye bomba la sindano lenye hewa na upulize kilichomo juu ya kioo cha darubini. Tandaza kiwe chembamba, kikauke, kisha metanoli dakika 5, rangi ya Giemsa ya asilimia 10 dakika 30. Kwa lenzi ya mafuta ya darubini, vimelea vya ndigana kali utaviona ndani ya seli nyeupe. Vya ndigana baridi vitafute kwenye damu ya sikio: vidoti vyeusi ukingoni mwa seli nyekundu.

Kinachoharibu kioo Dodoma ni vumbi, nzi wanaolamba damu kabla haijakauka, na maji. Maji ya visima vyetu yana chumvi na magadi. Ukizimulia Giemsa kwa maji hayo, kila kitu kinakuwa bluu na huoni kitu. Inatakiwa bafa, yaani maji yaliyotiwa chumvi maalumu zinazoshikilia pH isibadilike, ya pH 7.2. Huku bafa inakuja tayari kwenye chupa, na wengi hawajui hata kazi yake.

Tukirudi likizo tunaulizwa mashine gani ziletwe. Leteni vidonge vya bafa, vioo na vipimajoto. Kipimajoto hasa: joto la ndigana kali hupanda ng'ombe akiwa bado anakula vizuri, na buparvakwoni inafanya kazi vizuri zaidi siku hizo, kabla mapafu hayajajaa maji.