Tila ni Kifupi cha Nani?

Wiki iliyopita nusura tumwandikishe mtoto kwa jina la mtu asiyetuhusu. Mdogo wangu na wifi wamepata binti, na tangu mimba ni changa ilikuwa inajulikana kwamba akiwa wa kike ataitwa Tila, jina la bibi yetu mzaa baba. Halafu mtu akauliza kwenye kundi la familia la WhatsApp: Tila ni kifupi cha nani? Kwenye cheti cha kuzaliwa tunaandikaje?

Majina yakaanza kumiminika. Matilda. Domitila. Otilia. Klotilda. Mmoja akaleta Tiliana, mwingine Tilarina, eti yanapendeza masikioni. Kufika saa nne usiku Matilda ndilo lililokuwa na watu wengi, na mdogo wangu akaandika, "Basi tuchukue hilo." Sikulala vizuri. Mtoto anamrithi bibi, halafu jina la bibi linakamilishwa kwa kura?

Jina fupi la kurithi lina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na jina lake. Litafuteni, msilitunge.

Sisi wa huku Usukumani tunajua majina ya bibi zetu yalivyopatikana. Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki lenye asili ya Kifaransa, walianza misheni ya Bukumbi, karibu na Mwanza, mwaka 1883, na waliobatizwa wakapewa watakatifu wa kalenda ya mapadri: Perpetua, Leokadia, Anastazia, Skolastika. Kisukuma hakina r, kwa hiyo Maria akawa Malia, Roza akawa Loza. Marefu yakakatwa yaweze kuitika uani: Anastazia akawa Tazia, Perpetua akawa Petua. Tila angeweza kutoka kwa yeyote kati ya wale wanne, na wale si mtu mmoja. Matilda ni Kijerumani cha kale, nguvu ya vitani. Domitila ni Mrumi wa karne ya kwanza. Otilia wa Alsace ndiye anayeombwa na wagonjwa wa macho. Klotilda alikuwa malkia wa Wafaranki, mke aliyemvuta mumewe Clovis kwenye Ukristo. Ukichagua kwa sikio, unamkabidhi mtoto bibi wa watu wengine.

Jumamosi nikapanda gari la Kigongo, nikashuka Bukumbi kwa shangazi. Nilipomuuliza hakunijibu. Aliingia ndani, akatoka na kitabu cha sala kilichofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Katikati ya kurasa palikuwa na kadi ya ubatizo iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeshatoboka, wino umegeuka kahawia. Juu, tarehe 3 Juni. Chini yake, Clotilda Nyanzala.

Siku hizi 3 Juni tunaijua kwa Mashahidi wa Uganda, lakini kwenye kalenda ya zamani ndiyo siku ya Mtakatifu Klotilda. Padri alitazama siku akaandika. Lililonikalisha chini ni hilo la pili. Sikuwahi kulisikia. Nzala kwa Kisukuma ni njaa. "Alizaliwa mwaka wa njaa," shangazi akasema, "mama yake ndivyo alivyomwita." Bibi huyu hakuwahi kuturuhusu kubakiza ugali. Alikaa nasi hadi tonge la mwisho, na sisi tukadhani ni ukali tu. Nina watoto wawili mwenyewe, na nimelijua hilo Jumamosi iliyopita.

Wapo watakaosema mtoto aandikwe Tila tu, yaishe. Nakubali kwa shingo upande. Jina fupi si jina pungufu. Limi ni jua, herufi nne, na halina haja ya kuongezewa kitu. Lakini Koku wa Bukoba nyuma yake kuna Kokusima au Kokugonza, na kwao wanajua ni lipi. Hakuna anayekaa kukisia.

Na karatasi nazo hazina huruma. Mimi ni Veronika kwenye cheti cha kuzaliwa. Mwalimu aliyejaza fomu za darasa la saba aliandika Velonika, kama alivyosikia kwa baba, na Velonika huyo akanifuata hadi cheti cha kidato cha nne. Nilipopata kazi ikabidi nikaape mbele ya wakili kwamba Veronika na Velonika ni mtu mmoja. Nililipa, nikapoteza siku mbili, kwa ajili ya herufi moja. Kwa hiyo mkishalipata jina, kadi ya kliniki, ubatizo na cheti viandikwe sawasawa, na msome kabla ya kuondoka dirishani.

Nilimpigia mdogo wangu nikiwa bado uani kwa shangazi. Nikamsomea herufi moja moja: C, L, O, T, I, L, D, A. Akanyamaza kidogo.

"Na hilo Nyanzala je?"

Nikamwambia liwe la pili, kabla ya jina lake yeye. Wifi hataki. Anaogopa mtoto ataitwa Njaa shuleni, na siwezi kumlaumu, yeye hakukaa mkekani na bibi. Shangazi amenipa kadi kwa wiki moja. Jumapili nakwenda kwao Igoma, nimkabidhi wifi mkononi aisome mwenyewe.