"Unamnunulia shemeji?"

Mimi natengeneza wine ya rozela nyumbani Moshi, sio biashara, ndoo moja ya lita 20 tu, tunakunywa na mashoga zangu basi. Mwezi uliopita nikapanda Arusha kwenye duka moja la vifaa vya maabara na mambo ya kutengenezea vinywaji, natafuta haidromita, kile kipimo cha kuonyesha sukari iliyomo kwenye wine, nimeongozana na mdogo wangu wa kiume abebe mzigo. Kijana wa kaunta swali la kwanza, "unamnunulia shemeji?" Nikamwambia hapana ni yangu, akaniletea thamomita. Nikamwambia kaka hii ni ya joto, mi nataka ile inayoelea, ukiiweka kwenye maji matupu inasoma 1.000, akaileta, ila sasa bei, namna ya kuitumia na punguzo vyote akawa anamwambia mdogo wangu, ambae hata tangawizi kali inamshinda.

Sasa nikisimulia hivi naambiwa dada unakuza mambo, na ukweli yule kijana ana upande wake. Wanaoingia pale kwa vitu hivyo wengi ni wanaume, na wapo kina mama ambao kweli wametumwa na kikaratasi mkononi, kwahiyo kuuliza ni kujihami tu mzigo usirudishwe kesho. Halafu tusijifanye malaika, mwanaume aende soko la Mbuyuni hapa Moshi kuulizia kimea cha ulezi cha mbege, pombe yetu ya ndizi, aone, wamama watamcheka mpaka wa meza ya pili wageuke, "umetumwa na mama yako baba?"

Lakini mama wa Mbuyuni akishamaliza kucheka anamhudumia huyo huyo aliyesimama mbele yake. Anamwonyesha kimea kilichoota vizuri na kilichododa, anamwambia msesewa, yale magome machungu ya kutilia mbege, usizidishe utaharibu pombe iwe chungu. Anajua anachouza. Yule wa kaunta hajui (nadhani kazi yake kubwa ni kuuzia shule vichupa), na hapo ndo ninapomshika, maana shoga yangu wa Soweto ya hapa Moshi alimtuma mumewe duka hilo hilo kuulizia hamira ya wine, mume akajibiwa vizuri kabisa "sijui bro, ngoja nimpigie bosi". Mimi sikupigiwa bosi, nilibahatishiwa thamomita. Yani kutojua kwake kwa mwanaume ni kitu cha kukiri, kwa mwanamke anafunika kwa kubahatisha. Sawa, ni duka moja na safari mbili, siwezi kuhukumu mji mzima kwa hilo.

Wanawake wa Marekani nao wanalia na maduka ya hivi, ila kule hobi ya kupika bia nyumbani ilipata nguvu baada ya Rais Jimmy Carter kusaini sheria ya kuiruhusu 1978, na waliojazana humo wengi ni wanaume, so muuzaji akizoea sura za kiume unaweza kumwelewa kidogo. Huku kwetu kisingizio hicho kinatoka wapi? Uchagani ndizi za mbege zinachemshwa na nani kama sio bibi zetu?

Na isionekane shida yangu ni kuitwa dada au mama. Kuna mzee ana kaduka huku huku Moshi, anauza madumu na hamira, ananiita "mwanangu" kila sentensi na sijawahi kukasirika. Nilivyomwambia wine yangu inatoa harufu ya mkate hakuuliza ya nani, aliuliza "haidromita ulianza na ngapi?" Nikamwambia 1.085 na imeshuka mpaka 1.000. Akapiga hesabu kichwani, "asilimia 11 hiyo, kali, ila umetumia hamira ya maandazi wewe." Kweli nilitumia. Akanicheka sana, kisha akanitolea pakiti ya hamira ya wine yenyewe na kunielekeza, mimi, mdogo wangu yuko nje anachezea simu.