Chipu za Ulaya zikihama China, zihamie wapi?

Gari la maelfu ya euro linaweza kukwama kiwandani kwa kukosa kidude cha senti chache. Watengenezaji wa magari walikumbushwa hilo Oktoba 2025. Tarehe 30 Septemba serikali ya Uholanzi ilikuwa imeingilia uendeshaji wa Nexperia, kampuni ya chipu yenye makao Nijmegen lakini inayomilikiwa na Wingtech ya China. Siku chache baadaye China ikazuia bidhaa za Nexperia zisitoke nchini mwake. Volkswagen ikatoa tahadhari, Honda ikapunguza uzalishaji Amerika Kaskazini. Novemba Uholanzi ikasitisha amri yake, lakini wanunuzi walikuwa wameshaingiwa na hofu.

Ukifuata safari ya kidude chenyewe utaelewa tatizo. Kisahani cha silikoni hutengenezwa Hamburg, Ujerumani. Kisha husafirishwa hadi Dongguan, kusini mwa China, kikatwe vipande vidogo, kila kipande kiunganishwe nyaya, kifunikwe ganda lake jeusi na kupimwa, halafu chipu zilizokamilika zirudi Ulaya. Takriban asilimia 70 ya bidhaa za kampuni hiyo zilikuwa zikipitia China kwa namna hii. Hatua hii ya mwisho, yaani kufungasha na kupima chipu, ndiyo yenye faida ndogo, na ndiyo Ulaya iliyoiachia wengine kwa miongo mingi. Sasa kila anayetafuta mlango mwingine anaitazama Asia ya Kusini-Mashariki, Malaysia hasa.

Wanaoitetea Malaysia wana hoja nzito. Intel ilifika Penang mwaka 1972. Kiwanda cha Melaka ambacho leo ni cha Infineon ya Ujerumani kilianza 1973, enzi za Siemens. Nchi hiyo hufanya takriban asilimia 13 ya kazi yote ya dunia ya kufungasha na kupima chipu. Agosti 2024 Infineon ilifungua Kulim, jimboni Kedah, awamu ya kwanza ya kiwanda cha euro bilioni 2 cha chipu za silikoni kabidi, zile zinazotumika kwenye magari ya umeme. Na hapo si kufungasha tu, ni kutengeneza chipu zenyewe. AT&S ya Austria, watengenezaji wa vibao vya saketi, nayo iko Kulim.

Lakini thamani ya eneo hilo haiko kwenye majengo. Iko kwa fundi anayejua mashine ikilia vile imeharibika wapi, kwa muuza vipuri aliye karibu, kwa afisa forodha asiyehitaji kuelezwa kisahani cha silikoni ni kitu gani. Hayo hayanunuliwi kwa ruzuku. Ujerumani iliiahidi Intel karibu euro bilioni 10 ijenge Magdeburg, na Julai 2025 Intel ikaufuta mradi.

Upande wa pili wa mizani nao una uzito wake. Vietnam hutajwa sana kwa sababu ya mkataba wake wa biashara huru na Umoja wa Ulaya, ulioanza Agosti 2020. Kwa mtu wa elektroniki mkataba huo si neema kubwa kama unavyosifiwa: chipu na kompyuta zilikuwa zikiingia Ulaya bila ushuru tangu zamani, chini ya makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani. Halafu kuna umeme. Mwaka 2023, kati ya Mei na Juni, mgao uliviumiza viwanda vya kaskazini, Bac Ninh vikiwemo, na kiwanda cha aina hii hakivumilii kuzimwazimwa.

Malaysia yenyewe wahandisi wanaikimbia. Dola ya Singapore ina thamani ya zaidi ya ringgit tatu, na kutoka Johor, jimbo la Malaysia lililo mpakani, kufika Singapore ni kuvuka daraja tu. Mkakati wa serikali wa 2024 unataka wahandisi 60,000 wafundishwe. Kuwafundisha naona kunawezekana, kuwabakiza ndiyo kazi. Kwenye mistari ya uzalishaji wamejaa vibarua kutoka Nepal na Bangladesh, wengi wakiwa na madeni ya mawakala waliowaleta. Desemba 2027 Umoja wa Ulaya utaanza kupiga marufuku bidhaa zilizotokana na kazi ya kulazimishwa, na deni la namna hiyo ni miongoni mwa dalili zake zinazojulikana. Mnunuzi wa Munich hataweza kusema hakujua.

Tusisahau pia Muar. Mwaka 2021 korona ilipofunga sehemu za kiwanda cha STMicroelectronics katika mji huo wa Johor, Bosch ilikosa chipu na watengenezaji magari wa Ulaya wakaumia. China haikuhusika hata kidogo. Kazi yote ilikuwa imerundikwa mahali pamoja.

Kwa maoni yangu fursa ipo, ila si ya kujenga kiwanda kipya, labda uwe na mfuko wa Infineon. Kampuni ya kati ya Ulaya itafanya vyema kutoa kandarasi kwa wafungashaji wa huko waliokwisha kukomaa, na kugawa oda zake nchi mbili, Malaysia na Ufilipino kwa mfano. Hata hapo ikague hisa kabla ya bei. Unisem, mfungashaji mkubwa wa Ipoh, mwanahisa wake mkuu ni Huatian ya China. Kiwanda cha zamani cha AMD pale Penang, asilimia 85 ya hisa zake zilinunuliwa mwaka 2016 na Tongfu, nayo ya China. Anayehama Dongguan kwa kumkimbia mwenye nyumba anaweza kumkuta yuleyule Penang, akidai kodi.