Nilitaka Wimbo Mmoja Tu Majini

Jamani, nani alisema kuogelea kunatuliza akili? Unakwenda mita 25, unagusa ukuta, unarudi mita 25, unagusa ukuta. Cha kutazama ni ule mstari mweusi tu sakafuni, na mimi nimeshaujua mpaka kigae kilichopasuka karibu na ngazi. Nikasema, ngoja nijitafutie muziki.

Nikanunua vile visikilizi vidogo visivyo na waya. Kwenye boksi wameandika IPX7, nami nikaona mambo yameisha. Kumbe maana yake ni kukaa kwenye maji ya mita 1, yaliyotulia, kwa dakika 30. Yaliyotulia! Mimi nikiogelea, wa njia ya pili wanashikilia miwani yao.

Simu nikaiacha kwenye kiti, Bluetooth inawaka, wimbo unakwenda vizuri. Nikazamisha kichwa: kimya. Nikageuka kuvuta pumzi: "mpe—". Nikazama. Nikageuka tena: "—nzi". Nimekunywa maji ya klorini kwa kusubiri silabi!

Kijana anayelinda bwawa akanionea huruma. "Mzee wangu, Bluetooth haipiti majini. Maji yanayameza yale mawimbi, sentimita chache tu, basi."

"Sasa hizi ni za nini?"

"Za jasho, mzee."

Akanielekeza nitafute kile kifaa chenye kumbukumbu yake chenyewe, kinachokaa mbele ya sikio na kutetemesha mfupa wa shavu. Nikakipata. Sasa shughuli ikahamia nyumbani: nyimbo ninazolipia kila mwezi hazihamishiki, maana kumbe miaka yote hiyo nilikuwa mpangaji tu humo. Lazima uwe na faili zako, kompyuta, na waya. Nikafukua kompyuta ya zamani, nikakuta folda imeandikwa "Sauti". Nikabeba yote bila kufungua. Nani ana muda?

Kesho yake nikaingia majini, na vizibo vya masikio juu, kwa sababu nimeambiwa ukiziba masikio, sauti ya mfupani inanenepa. Ni kweli, inanenepa kwelikweli. Wimbo wa kwanza ukapiga katikati ya fuvu, nikaogelea kama nina mkataba. Wimbo wa pili nao mtamu. Halafu mtu akakohoa ndani ya kichwa changu.

"Ndugu wapangaji, ajenda ya kwanza ni bomba linalovuja."

Mkutano! Nilikuwa katibu, nikaurekodi nikausahau. Nikapapasa kitufe cha kuruka, kidole kikateleza, sauti ikapanda. Nikabonyeza kingine, ikapanda tena. Vitufe viko nyuma ya sikio, chini ya kofia, vyote vinne vinafanana kama punje za mchele, na huwezi kuvitazama labda ujing'oe kichwa. Kusimama katikati ya njia nako haiwezekani, nyuma yangu kuna mama mmoja anakata maji kama boti ya doria.

Basi nikaogelea na mweka hazina. Kasoma risiti moja moja. Mpangaji wa ghorofa ya juu kabisha kuhusu koki, kakatazwa, kabisha tena. Na mimi humo ndani ya maji nasikiliza watu wanavyolalamika kuhusu maji.

Nilipofika nyumbani nikakisuuza kile kifaa na kukikausha kabla ya kukichaji, kama wanavyotaka. Mke wangu akauliza, "Enhe, muziki ulikuwaje?"

Nikamwambia fundi hajaja, na kila nyumba inatakiwa kuchanga.