Sigara ya Pili Ndiyo ya Kuogopa

Umekaa wiki tatu bila sigara. Jana usiku, kwenye sherehe ya harusi, umevuta moja. Asubuhi hii kuna sauti kichwani inakwambia: nimeshaharibu, afadhali ninunue pakiti nivute kwa amani, nitaacha tena siku nyingine. Ninaandika nikitaka unisome kabla hujafika dukani, na ninachokuomba ni kimoja: usivute ya pili. Ile ya jana imekwisha, na hasara yake ni ndogo. Kinachowarudisha watu kwenye pakiti nzima ni hiyo sauti ya asubuhi.

Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, aliieleza hali hii tangu miaka ya 1980. Mtu aliyeteleza mara moja mara nyingi huangushwa na hukumu anayojipa baada ya kuteleza kuliko na kile kidogo alichotumia. Akijiambia "mimi ni dhaifu, siwezi," anabaki na aibu isiyo na dawa, na kitulizo anachokijua ni sigara ileile. Akijiambia "nilikosea kukaa meza ya wavutaji," ana kitu cha kurekebisha.

Tuangalie mwili. Nikotini ya sigara hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na kila baada ya saa 2 hivi nusu ya iliyomo kwenye damu huwa imeondoka. Ukivuta saa nne usiku, kufika saa nne asubuhi imebaki chini ya sehemu moja ya hamsini. Ile hewa chafu ya kaboni monoksaidi hutoka ndani ya siku moja au mbili. Arosto ya sigara huanza saa chache baada ya kuacha, hukaza siku ya 2 na ya 3, kisha hulegea taratibu kwa wiki 2 hadi 4. Wewe wa wiki tatu ulishavuka pale pabaya zaidi, na sigara moja haikurudishi siku ya kwanza. Inachoweza kufanya ni kuamsha hamu kwa siku moja mbili, kwa hiyo usishangae ukiitaka kesho kuliko ulivyoitaka juzi. Hamu ikibana hukaa dakika 3 hadi 5, mara chache hufika 10. Kunywa glasi ya maji polepole, toka hapo ulipo, mpigie mtu simu. Dakika zenyewe zitapita.

Leo hii, kama kuna sigara zilizobaki, zivunje na uziloweshe maji kabla ya kuzitupa, maana sigara nzima iliyo kwenye ndoo ya taka watu huifuata usiku. Toa kiberiti mfukoni. Piga mswaki, fua nguo zenye harufu. Mwambie mtu mmoja, yule asiyekusimanga, kwamba jana umevuta na leo huvuti. Na usijiwekee tarehe mpya. "Nitaanza Jumatatu" ni ruhusa ya kuvuta siku zote zilizobaki kabla ya Jumatatu, na hizo zinatosha kuirudisha tabia mahali pake. Endelea kuhesabu kutoka tarehe uliyoacha, kisha andika pembeni: siku ya 21, nilivuta moja.

Ushauri wa kutupa pakiti, unaorudiwa kila mahali, kwetu una upungufu. Wavutaji wengi hawana pakiti ya kutupa, kwa sababu wananunua moja moja. Kenya sheria ya tumbaku ya mwaka 2007 inataka sigara ziuzwe kwenye pakiti isiyopungua sigara 10, lakini mtaani moja moja inauzwa waziwazi, na kiberiti cha gesi kimening'inia kwa kamba kwenye dirisha la duka kikikungoja. Hatari yako ni sarafu mfukoni na kibanda kilicho hatua ishirini kutoka mlangoni. Nenda kwa mwenye duka wakati huna hamu, umwambie: "Mangi, nimeacha sigara. Nikija kuomba moja, ninyime." Wengi hukubali, na hata asipokunyima, kumwomba mtu uliyemwambia hivyo ni kazi. Mkate na vocha nunua mchana, ili saa tatu usiku usiwe na sababu ya kwenda pale.

Ukishatulia, isome sigara ya jana. Andika ilikuwa saa ngapi, ulikuwa wapi na nani, mkononi ulikuwa na nini, ulikuwa umekula na kulala vipi. Usiandike "nilishindwa kujizuia," hilo halikufundishi chochote. Andika "bia ya tatu, na fulani akanipa." Sasa unajua kwamba sehemu iliyovuja ni bia ya tatu, na dawa yake ni ya wazi: wiki nne zijazo usinywe kabisa, au uishie moja na ukae na wasiovuta. Pombe ndiyo mlango mpana kuliko yote, kwa sababu inalegeza uamuzi kwenye meza ileile ambapo sigara zinapita bure. Mirungi (miraa) ni hivyohivyo, tena zaidi. Kwa wengi vijiti na sigara vimeshaungana kuwa tendo moja, na sijui namna nyepesi ya kukuambia hili: ukiendelea kukaa kwenye baraza la miraa jioni nzima, nafasi yako ya kuacha sigara ni ndogo mno.

Kahawa nayo ina jambo ambalo wachache huelezwa. Moshi wa sigara huchochea kimeng'enya cha ini kinachovunja kafeini, ndiyo maana mvutaji huimaliza kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, kwa siku chache tu ini linapunguza kasi, na vikombe vilevile vinne vya kahawa chungu vinaweza kuacha kafeini karibu maradufu kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi haupatikani, hasira ziko karibu. Mtu anasema "arosto imenizidi," anawasha sigara, kumbe sehemu ya tatizo ilikuwa kwenye kikombe. Punguza kahawa na chai ya rangi kwa nusu tangu siku unayoacha, na baada ya saa tisa alasiri usinywe kabisa. Kimeng'enya hichohicho huvunja dawa kama theophylline na aminophylline za pumu, na clozapine na olanzapine za magonjwa ya akili. Ukitumia mojawapo, mwambie daktari kwamba umeacha sigara, kwani kipimo kinaweza kuhitaji kupunguzwa.

Kuna pia kikohozi. Vinyweleo vya njia ya hewa vilivyolemazwa na moshi vinapoanza kufanya kazi tena vinasukuma makohozi juu, na watu huamini sigara ndiyo iliyokuwa ikiwasafisha kifua, kwa hiyo wanairudia. Maji ya uvuguvugu na subira vinatosha kwa wengi. Lakini kikohozi cha wiki 2 au zaidi kipimwe kifua kikuu, uwe unavuta au umeacha.

Kwa Waislamu wa pwani, mahali pa kuteleza panajulikana: sigara ya futari. Mvutaji wa Mombasa, Tanga au Unguja anayefunga hukaa saa 13 na ushee bila kuvuta hata mara moja, na wengi hushangaa kwamba mchana haukuwa mgumu kama walivyohofu. Mchana kila kinachoita sigara hakipo: kahawa haipo, chakula hakipo, wenzako nao wamefunga, na swali la nivute nisivute limeshajibiwa tangu alfajiri. Magharibi inapoingia, mambo yote hayo yanarudi kwa pamoja. Mtu anafungua kwa tende, anakunywa uji, anawasha. Baada ya saa zote hizo bila nikotini, mvuto wa kwanza unampiga kwa nguvu, kichwa kinazunguka, na ubongo unajifunza kwamba hakuna sigara tamu kama hiyo. Akirudia usiku ishirini na tisa, haishangazi kwamba Mfungo Mosi anavuta kama zamani. Kama ulikusudia kuacha kwa Ramadhani na ukateleza hapo, usilaumu imani yako. Rekebisha dakika kumi baada ya futari: tende, maji, mswaki wa mti mdomoni, kisha moja kwa moja kwenye sala ukiwa na mtu asiyevuta, na chakula kizito kije baadaye. Sikukuu ya Idd ipangie mapema, maana siku hiyo kila nyumba ina mgeni mwenye pakiti.

Sasa dawa, kwa sababu nia peke yake ina mipaka. Kati ya wanaoacha bila msaada wowote, tafiti zimeonyesha kwamba 3 hadi 5 tu katika 100 huwa bado hawavuti baada ya miezi 6 hadi 12, na wengi huteleza ndani ya siku 8 za mwanzo. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kwamba mvutaji anaweza kuhitaji majaribio 30 au zaidi. Anayekwambia huna nia hajui ukubwa wa kitu unachopambana nacho.

Shirika la Afya Duniani liliweka chingamu na plasta za nikotini, zinazoupa mwili nikotini kidogo kidogo bila moshi, kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya varenicline na bupropion, ambavyo vinahitaji cheti cha daktari (bupropion haimfai mwenye kifafa). Si kila duka la dawa lina vitu hivi. Anza kuuliza kwenye maduka makubwa ya mjini na kwenye hospitali za rufaa.

Plasta: aliyekuwa akivuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Aliyevuta 10 au chini huanza na 14 kwa wiki 6, kisha 7 kwa wiki 2. Ibandike asubuhi juu ya kiuno, kwenye ngozi kavu isiyo na nywele wala mafuta, uikandamize kwa kiganja sekunde 10, na kila siku ubadilishe mahali. Kwenye joto la pwani hubanduka kwa jasho, hasa kwa aliyejipaka mafuta ya nazi. Ukiota ndoto za ajabu, ivue wakati wa kulala.

Chingamu huharibiwa na namna ya kutafuna. Watu huitafuna kama bigijii, nikotini inamezwa, tumbo linachafuka, kwikwi zinaanza, wanasema haifai. Itafune polepole mpaka usikie ukali kama wa pilipili, kisha uibane kati ya ufizi na shavu. Ukali ukiisha, tafuna tena, hivyohivyo kwa dakika 30. Usinywe soda, juisi ya ukwaju wala kahawa dakika 15 kabla na wakati iko mdomoni, kwa sababu uchachu huzuia nikotini kupita. Kama ulikuwa ukiwasha sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka, tumia ya miligramu 4; vinginevyo ya 2. Kosa kubwa ni kutumia kidogo: vipande viwili kwa siku havifui dafu, wiki za mwanzo kinahitajika kimoja kila saa 1 hadi 2. Plasta pamoja na chingamu hufanya kazi vizuri kuliko kimojawapo peke yake. Na ukiteleza ukiwa na plasta mwilini, usiivue kwa hofu wala kwa adhabu. Endelea nayo. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo waongee na daktari kwanza.

Usihamie shisha ukidhani umepunguza. Kikao kimoja cha saa nzima kinaweza kumpa mtu moshi mara 100 au zaidi ya ule wa sigara moja. Ugoro nao huiacha nikotini palepale.

Wewe uliye karibu na aliyeteleza, mke, kaka, mama, kauli ya "si ulisema umeacha" inamsukuma nje kwenda kuvuta kwa kujificha, na anayejificha hana wa kumsaidia tena. Muulize ilitokea wapi, kisha uliza tubadilishe nini hapa nyumbani. Kama nawe unavuta, vutia mbali naye.

Na kama unasoma haya ukiwa umesharudi pakiti nzima kwa miezi, hapo mambo ni tofauti: unahitaji siku ya kuacha, na uiweke ndani ya wiki 2 zijazo. Acha kwa mara moja. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2016 ulilinganisha waliokata ghafla na waliopunguza taratibu, wote wakipewa nikotini ya dawa na ushauri. Baada ya wiki 4, asilimia 49 ya wa kwanza walikuwa hawavuti, na 39 ya wa pili. Zile siku za kusubiri zitumie kutafuta plasta, kuongea na mwenye duka, na kuandika sehemu tatu ulizoangukia safari zilizopita. Ukiwa Kenya, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bila malipo. Ukipiga, mwambie anayepokea unavuta ngapi kwa siku, ya kwanza unaiwasha dakika ngapi baada ya kuamka, na mara ya mwisho uliteleza ukiwa wapi, ili ushauri atakaokupa ukuhusu wewe.