Askari waliotaka kuwa wafungwa: Gavana Darling alikosea wapi?

Mwaka 1826 askari wawili wa Rejimenti ya 57 ya Uingereza, Joseph Sudds na Patrick Thompson, waliiba kitambaa dukani mjini Sydney kwa makusudi wakamatwe. Walijua kwamba askari akihukumiwa kifungo cha uhamishoni, jeshi humwachisha. Akimaliza miaka yake anabaki New South Wales, koloni la Uingereza la wafungwa huko Australia, akiwa mtu huru.

Anayewaona wendawazimu atazame maisha ya kambini. Askari alilipwa shilingi moja kwa siku, tena kabla ya makato ya chakula. Vikosi vilivyomaliza zamu New South Wales mara nyingi viliendelea hadi India, ambako homa iliua wengi. Mfungwa wa miaka 7 mwenye mwenendo mzuri aliweza kupewa kibali cha kujitafutia kazi ya mshahara kabla kifungo hakijaisha. Na askari aliyeshika lindo aliwaona kila siku waliowahi kuwa wafungwa wakimiliki mashamba na maduka.

Gavana wa koloni, Ralph Darling, jenerali aliyezoea mambo ya utawala wa jeshi, aliuelewa mchezo huo mara moja. Mahakama iliwahukumu wote wawili miaka 7 katika kituo cha adhabu. Darling akaibadili hukumu hiyo: wafanye kazi ya barabara wakiwa na minyororo kwa miaka hiyo 7, kisha warudi jeshini. Tarehe 22 Novemba walivuliwa sare mbele ya wenzao, wakavishwa nguo za wafungwa na kufungwa pete za chuma shingoni zenye miiba iliyochomoza, kila pete ikiunganishwa kwa minyororo na pingu za miguuni. Kikosi kikawatoa kwa ngoma ya fedheha. Sudds alikuwa mgonjwa tayari, mwili umevimba. Tarehe 27 alifariki.

Waliomtetea Darling wana hoja nzito. Koloni lenye maelfu ya wafungwa lililindwa na askari wachache, na walinzi wakianza kuona afadhali kuwa wafungwa, hakuna ulinzi tena. Gavana alisema pia kwamba hakuambiwa Sudds anaumwa. Hilo linawezekana, ingawa linaibua swali la nani aliyeruhusu mgonjwa asimamishwe juani na chuma shingoni.

Upande wa pili, wakili William Charles Wentworth na Edward Smith Hall wa gazeti la The Monitor walishikilia kwamba gavana anaweza kupunguza hukumu ya mahakama, si kubuni adhabu nyingine. Hapa naona walikuwa sahihi. Hoja yao dhaifu, iliyozua kelele nyingi kuliko zote, ilikuwa uzito wa vyuma. Upande wa serikali ulitaja kama ratili 14, yaani kilo 6 na ushee. Wapinzani wakadai zaidi. Ubishi huo ulipoteza wakati. Madhara yalikuwa katika umbo: minyororo kati ya shingo na miguu ilikuwa mifupi, na Thompson alieleza kwamba hakuweza kulala amejinyoosha. Kwa mtu aliyevimba, hata nusu ya uzito huo ingemtesa.

Jambo ambalo pande zote mbili hazikulikazia ni kwamba agizo la kuwarudisha jeshini lingetosha lenyewe. Faida ya wizi ilikuwa kuachishwa; ikiondolewa, hakuna askari atakayeiba ili afungwe. Pete na miiba vilikuwa vya kutazamwa na wenzao. Vilifuatwa na kifo, vikayapa magazeti silaha, na sababu zilizowafanya askari waikimbie kambi zikabaki palepale.

Darling alizidisha kosa kwa kuwageukia waandishi. Mwaka 1827 alileta miswada ya leseni na ya kodi ya magazeti. Jaji Mkuu Francis Forbes alikataa kuithibitisha. Hall alifungwa kwa kashfa mwaka 1829, na akaendelea kuandika akiwa gerezani. Darling alipoondoka mwaka 1831, Wentworth aliwakaribisha watu nyumbani kwake Vaucluse, akawachomea ng'ombe mzima. Mwaka 1835 kamati ya Bunge la Uingereza ilimwondolea Darling lawama, na mfalme akampa heshima ya kuitwa Sir.